Siku Mwangalizi Alipokula

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amesimama karibu na geti la mpakani, mzungu mzee mwenye kofia ya kitambaa, akimwamkia binti wa darasa la kwanza. "Shikamoo," alisema, na kichwa akakiinamisha kabisa. Binti akamtazama, akatutazama sisi, akatupa mzigo wake wa kuni akakimbia. Wanawake waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwa letu, ufukoni walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeajiriwa asubuhi ileile kuwa mkalimani wake, nikaona kazi ianzie hapo. Nikamweleza taratibu kwamba shikamoo ni ya mkubwa, kwamba mtoto ndiye amwamkie yeye, naye aitikie marahaba. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kupita kiasi:

"Umri wake siujui. Sikuwepo alipozaliwa."

Nikasema moyoni, ee Mungu wangu, nimepewa kichaa.

Nilifanya naye kazi miaka mitatu, tukala vumbi moja na kunyeshewa mvua moja, na hadi leo ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani nitakujibu kwamba sijui. Si kwamba sikujaribu. Nimewahi kumwona mwema, nikamwona katili, nikamwona mjinga, na yote matatu ndani ya wiki moja. Alikozaliwa hakuniambia, wazazi wake sikumsikia akiwataja. Nitasema niliyoyaona basi, maana hata yeye asingekubali niseme zaidi.

Wakati ule, ng'ambo ya mpaka upande wa Msumbiji, watu wengi walikuwa wameyakimbia makazi yao, wamejazana kwenye mahema na hawana cha kula. Unga wa msaada ulikuja kwa malori kutoka juu, ukapita Mbinga, ukateremka zile kona zote hadi ziwani, ukafuata ufuko wa Nyasa kwenda kusini mpaka kwenye geti letu. Geti lenyewe lilikuwa mti mmoja uliolazwa barabarani, mwisho wake umefungiwa jiwe. Kila upande uliutuhumu mwenzake kwamba unaiba. Ndipo wakaletwa waangalizi kutoka nchi za mbali, watu wasio wetu wala wao, kazi yao kukaa, kutazama na kuandika. Hawakamati mtu, hawaamui, hawagawi. Wengi walikaa miezi mitatu, malaria ikawanyoosha, wakaondoka. Huyu alibaki, kwa hiyo jina la kazi likawa jina lake. Ukisema Mwangalizi, hakuna aliyeuliza yupi.

Ugonjwa wake ulikuwa ukweli. Sisemi uaminifu. Watu waaminifu ninawajua wengi, na bado watakupa pole ya kuanguka hata kama hawakukuona ukianguka. Yeye alisema alichokiona, akaishia hapo. Ukimuuliza, "Mama hajambo huko nyumbani?" alijibu, "Jumapili kwenye simu alikuwa anacheka." Ukisema mvua inanyesha, alisema, "Hapa, ndiyo." Siku moja ofisa wa uhamiaji, bwana mcheshi sana, alimwambia, "Mzee, ziwa leo limetulia." Mwangalizi akainuka, akaenda hadi majini, akatazama kushoto na kulia, akarudi, akakaa. "Limetulia," alisema. Ofisa akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile ilikuwa dharau au heshima. Nikamwambia anipe muda, bado ninachunguza.

Na alitaka ulimi wangu uwe kama macho yake. Kiswahili alikijua kidogo kuliko alivyodhani na kingi kuliko tulivyodhani sisi. Mwanzoni sikulijua hilo. Dereva mmoja, aliyechoka kungoja geti lifunguliwe, alisimama mbele yake akasema, "Mwambie huyu mbwa mzee wa getini kwamba watu wana njaa." Mimi, mwana wa watu niliyelelewa, nikatafsiri kwamba dereva amechoka na anaomba afikiriwe. Mwangalizi alinigeukia.

"Mwalimu," alisema, maana kabla ya kazi ile nilikuwa nafundisha shule ya msingi na wote waliniita hivyo, "mbona mbwa simsikii?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamrudishia mbwa wake kwa lugha yake, mzima, na dereva akapauka. Mwangalizi akamwandika mbwa kwenye daftari, akamshukuru dereva, akasema geti litafunguliwa karatasi zikikamilika. Jioni nilimuuliza amepata faida gani kumwandika mbwa. Akanijibu kwamba nikianza kumchagulia ya kusikia, basi mwangalizi ni mimi, yeye ni kofia tu. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona ana haki, na hilo likaniudhi zaidi.

Kiti chake cha kukunja kilikaa palepale kila siku, hatua tatu kutoka getini. Chini yake kulikuwa na chupa yake ya maji na kopo la mayai aliyoyachemsha mwenyewe. Hakupokea kitu cha mtu. Hata ndizi, hata maji ya kunywa, hata kipande cha muwa. Mama yangu aliteremka kutoka nyumbani kwetu, huko upande wa Ukata, kuja kunisalimia, akambebea mahindi ya kuchoma na birika la kahawa ya shambani kwetu, kahawa aliyoikaanga na kuitwanga kwa mikono yake. Mwangalizi alisimama, akavua kofia, akaweka mkono kifuani.

"Mama, wema wako nimeuona."

Akakaa tena. Birika likabaki mkononi mwa mama. Mama akamwambia, "Wema hauangaliwi, baba. Unaliwa." Akageuka akaondoka na birika lake, na kwa mwezi mzima hakuniuliza habari za kazi yangu. Kwetu, kumkatalia mtu chakula ni kumwambia mikono yake ni michafu. Nilimweleza Mwangalizi hivyo, tena kwa hasira. Akasema, "Nikila chakula cha mtu, macho yangu yanakuwa ya mtu huyo." Nikamwambia basi sisi tumeumbwa kinyume chake, maana mtu asiyekula nawe ndiye wa kuogopa. Akaliandika na hilo. Sijui aliandika kwamba nimesema kweli au kwamba nimesema tu.

Usifikiri alikuwa jiwe. Masika ya pili lori lilizama tope karibu na geti, na wapakiaji wakalisukuma tangu asubuhi bila mafanikio. Mwangalizi haruhusiwi kugusa lori wala mzigo, hilo ndilo sharti la kwanza la kazi yao. Mchana nikamwona anafunga daftari, anavua viatu, anakunja suruali, anaingia topeni na wale vijana. Walisukuma mpaka likatoka, na yeye akatoka na tope hadi kwenye nyusi. Tulishangilia, mimi mwenyewe nilipiga vigelegele. Kesho yake nikaona taarifa aliyopeleka kwa wakubwa wake: "Jana mwangalizi alisukuma lori. Ni kosa." Akaletewa barua ya onyo. Nikamuuliza, "Sasa mzee, nani angejua?"

"Mimi niliona," alisema.

Na huyohuyo, baada ya siku chache, lilikuja lori lililokuwa likibeba makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka kabla ya kukodiwa kubeba msaada. Halikuoshwa vizuri, na magunia ya chini yalikuwa meusi. Akaandika alichokiona, na wapokeaji wa ng'ambo waliposoma wakalikataa lori zima. Siku hiyo watoto wa kwenye mahema tuliwasikia wakilia hata upande wetu. Wapakiaji walimwomba afute mstari mmoja tu. Mama mmoja alimpigia magoti. Alikaa kitini anatazama mbele, na mayai yake yakabaki kwenye kopo. Siku hiyo nilimchukia kabisa, na nikiri kwamba nilimwombea malaria.

Mtu wa namna hiyo unamweka wapi? Mwambie mwenye akili anisaidie.

Sasa nifike kwa kaka yangu, maana kama si yeye nisingekuwa na haja ya kuyaandika haya. Ni mkubwa wetu. Alinibeba mgongoni mama alipokuwa akichimba mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha mlimani, na hata nilipokuwa mtu mzima nikimwamkia shikamoo aliitikia kwa kuivuta, "Marahabaa," kama mtu aliyeletewa zawadi. Aliendesha malori ya makaa miaka mingi, kisha akahamia kwenye malori ya msaada. Aliipenda kazi ile. Alisema makaa hayamshukuru mtu.

Siku moja Mwangalizi alipanda lori la kaka kutoka Mbinga, maana waangalizi walikuwa na desturi ya kupanda baadhi ya malori bila kutangaza. Walikuwa wawili tu mbele. Kwenye kona moja ya mteremko kamba ya turubai ikakatika na magunia yakaporomoka korongoni. Walipofika getini Mwangalizi akaandika alivyoona, tukadhani yameisha. Lakini baada ya siku chache magunia yenye alama ya msaada yakaonekana yakiuzwa kwenye gulio la kijiji kimoja cha bondeni. Wanakijiji waliyaokota, kila mtu alijua. Mwenye malori yeye akasema kamba ilikatwa kwa kisu, na kwamba dereva alipanga na watu wake wangoje chini. Kaka akasimamishwa kazi, na kikao kikapangwa cha kumsikiliza mbele ya wakubwa wa waangalizi.

Mwizi wa unga wa wenye njaa. Kwenye milima yetu sijui jina baya kushinda hilo. Watu walianza kumpisha kaka njiani kama mgonjwa. Kilichomuumiza zaidi ni baba, maana baba aliacha kula naye.

Lazima nieleze hapa. Kwetu Umatengoni ukoo una sengu. Kila nyumba inapika, wanawake wanapeleka ugali na maharage kwa mzee wa ukoo, na wanaume wanakaa pamoja wanakula kutoka vyombo vyote. Hapohapo, mikono ikiwa bado na maji, mambo ya ukoo yanasemwa na kuamuliwa. Kwenye sengu ya kwetu baba alikuwa na neno lake: asiyekula hapa, hasemi hapa. Alisema aliyekula chumvi yako anaona haya kukudanganya. Tangu habari za gulio, kaka alikuja sengu akakaa, na baba akashika tonge lake bila kulipeleka mdomoni mpaka wengine wakamaliza. Alifanya hivyo siku nne. Siku ya tano akaniita.

"Binti yangu, kuna mtu alikuwa ndani ya lori. Mlete."

"Baba, mtu yule hali kwa watu."

"Basi hatasema."

Nilirudi ziwani nikamweleza Mwangalizi kila kitu bila kupunguza, pamoja na neno la asiyekula. Alisikiliza, akasema ahsante, akaendelea kuandika namba za malori. Nikajua haji.

Jumamosi akaja. Alishuka kwenye gari akiwa peke yake, bila daftari, akasimama mbele ya wazee. Mimi nilisimama nyuma yake, maana mwanamke hakai pale, nilikwenda kama ulimi tu, kwa sababu sengu ya baba ilisemwa Kimatengo. Alimwamkia baba shikamoo, na safari hii ilikuwa sahihi. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Baba alikuwa na tonge mkononi, kavu tayari. Mwangalizi alimtazama baba, akalitazama tonge. Akakaa chini. Akakunja mikono ya shati. Mtu akammiminia maji, akanawa, akamega ugali, akachovya kwenye maharage, akala. Akachukua usipa, akala. Hakuonja, alikula mpaka akashiba. Mama alikuwa amejificha mlangoni pa jiko, nikamwona amejishika mdomo.

Alipomaliza akasema, nami nikatafsiri neno kwa neno:

"Nilikuwa ndani ya lori. Nilisikia kamba inakatika. Niligeuka nikaona magunia yanaanguka. Dereva alisimamisha gari, akateremka korongoni. Alipanda na gunia mgongoni, akarudi, akapanda na jingine. Mengine watu wa chini walikuwa wameshayabeba. Aliwaita, hawakusimama. Alikuwa analia."

"Kisu?" baba aliuliza.

"Kisu sikukiona. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani."

Baba akalitupa lile tonge kavu kwa kuku. Akamega jipya, akalichovya, akamwekea kaka mkononi. Kaka, mwanaume mzima mwenye watoto, alilia huku anatafuna. Nami nililia. Nilidhani tumeshinda.

Kikao kilifanyika baada ya siku tatu, kwenye ghala la unga hapo mpakani. Walikuja wakubwa wawili wa waangalizi ambao hawakujua Kiswahili, na mwenye malori, na baba kama mzee wa mtuhumiwa. Kabla hawajaanza Mwangalizi alisema, "Mkalimani ni dada wa dereva." Wakashauriana, wakaona hakuna mwingine anayejua Kimatengo na lugha yao pia, wakanikubali. Mwangalizi akasema yaleyale aliyoyasema sengu. Mwenye malori alibaki anakuna shingo. Kisha mkubwa mmoja akamuuliza baba kama shahidi huyu ana uhusiano wowote na familia.

Baba alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alifurahi kuulizwa, jamani, nilimwona anavyofurahi. Alidhani wanataka kujua kama maneno ya mtu huyu yana uzito.

"Msimwone mgeni," alisema. "Huyu ni wetu. Amekula sengu yetu."

Zamu ikawa yangu. Nilijua sheria zao, kwamba mwangalizi aliyekula kwa mtu hawezi kumshuhudia, na nilijua baba alichomaanisha, na baina ya mambo hayo mawili kulikuwa na ulimi wangu tu. Ningeweza kusema, "Mzee anasema wanafahamiana." Ningeweza kusema, "Wanaheshimiana." Nikamtazama Mwangalizi. Alikuwa ananitazama. Nikamkumbuka yule mbwa wa getini. Nikatafsiri yote: huyu ni wetu, amekula kwetu.

Mkubwa akamgeukia. "Ulikula kwao?"

"Nilikula," alisema.

Ushahidi wake ukawekwa kando. Kaka akafukuzwa kazi, na akaambiwa hataendesha lori la msaada popote tena. Mwangalizi akaondolewa mpakani siku ileile. Aliingia kwenye gari na kiti chake, hakuniaga, hakuniangalia. Baba aliniuliza kwa nini wamekasirika baada ya kuambiwa jambo zuri, na mimi, mkalimani, nikamshika mkono nikamtoa nje.

Kaka alinipata nje ya ghala. "Ulimi wako," alisema. "Ungekufa ukisema anatufahamu?"

Nilirudi kufundisha, na tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo alijibu, "Za shule?" Marahaba hakunipa tena. Baba akafariki, tukazika pamoja, tukapokea wageni pamoja, na marahaba sikuipata. Wasiojua watasema ni neno dogo. Mimi nilikuwa nikienda nyumbani likizo, namwamkia, naambiwa za shule, nageuka naenda kulia chooni. Mwaka hadi mwaka nilijiuliza maswali yaleyale. Je, nilifanya haki au nilimuuza ndugu yangu? Na yule mzee aliyekataa hata maji ya mama, akala kwetu siku moja tu, siku ambayo kula kungetuangamiza, alikuwa na akili gani? Alisahau sheria yake? Alitudharau? Mapadri niliwauliza, walimu wenzangu niliwauliza. Kila mmoja alinipa jibu, na kila jibu lilinichanganya kuliko la mwenzake.

Likizo moja, sokoni Mbinga, nilikuwa nachagua maharage nikasikia nyuma yangu sauti inasema, "Shikamoo." Muuza nyanya, msichana hata miaka ishirini hajafika, akaangua kicheko. Sikuhitaji kugeuka.

Alikuwa amekonda na anatembea na fimbo. Nilikuwa nimeandaa maneno makali kwa ajili yake kwa miaka sita, na nilichosema ni, "Mzee, umekuja!" Akasema amestaafu, na sasa anaruhusiwa kutazama ovyo. Akauliza kama kaka yangu yu hai.

"Jana alikuwa hai," nilisema, kisha nikajishangaa.

Tulikodi gari tukaenda nyumbani. Kaka sasa ndiye mzee wa sengu. Kahawa yake ilikuwa imeanikwa uani, na wanaume walikuwa wameanza kukaa. Nilimwamkia, akanijibu za shule. Alipomwona nani yuko nyuma yangu akasimama, mikono ikining'inia. Mwangalizi hakungoja kukaribishwa. Alikaa chini kwa shida, akakunja mikono ya shati, akanawa, akala. Mimi nikasimama pembeni, mahali pangu palepale.

Alipokwisha kula akatoa kwenye begi daftari la zamani, akatafuta ukurasa, akasoma kwa Kiswahili: "Jumamosi. Mwangalizi alikula kwa familia ya dereva. Ugali, maharage, usipa. Alijua sheria. Alikula kwa hiari yake." Akalifunga. "Nakala niliwapa wakubwa asubuhi ya kikao, kabla hamjafika. Ilikuwa mezani wakati mzee anaulizwa. Niliiona."

Nikadakia, "Kwa hiyo walijua? Hata kama nisingetafsiri?"

"Ungetafsiri vingine, ningekusahihisha. Kisha ningekuandika na wewe."

"Miaka sita, mzee! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Haki ya Mungu, kama si uzee wake ningempiga na mwiko. Nikamsogelea. "Basi nakuuliza. Ulijua kwamba ukila hawatakusikiliza. Kwa nini ulikula?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, kama siku ile alipokwenda kutazama ziwa. "Mimi huandika nilichokiona," alisema. "Sababu sikuiona."

"Uliona nini, basi?" Huyo alikuwa kaka, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Nilimwona baba yako. Ameshika tonge, hali."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya kahawa. Ofisi ile ilitaka shahidi asiyekula, baba alitaka aliyekula, na mtu yule alikuwa na tumbo moja. Kama alilichagua la baba, au kama alishindwa tu kuvumilia lile tonge kavu, sijui, na nadhani yeye pia hajui. Kaka alikosa kazi akabaki na baba. Nimejaribu kupima kipi kizito, nimeshindwa.

Kaka akachukua birika la maji. Nilidhani anampelekea mgeni. Akampita, akawapita wajomba, akaja nilipokuwa nimesimama.

"Kaa," aliniambia.

Mzee mmoja akakohoa. Kaka hakumtazama. "Asiyekula hapa hasemi hapa," alisema, "na huyu ana la kusema."

Nikakaa. Akanimiminia maji mikononi mwenyewe. Nikamega, nikachovya, nikala, na ugali ulikuwa wa moto. Halafu wote wakanitazama, wananingoja. Yote niliyoyapanga kumwambia kaka kwa miaka sita yakanitoka kichwani, ya haki na ya sheria na ya ulimi wangu. Nikabakiwa na moja tu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahabaa," alisema, akaivuta, na Mwangalizi akanisogezea maharage.